Pengo lipi lililozamisha New Orleans?

Chukua modeli ya kompyuta ya mafuriko ya New Orleans, Marekani, yaliyoletwa na Kimbunga Katrina Agosti 2005. Zima pengo (mahali ukuta ulipobomoka) la mfereji wa 17th Street peke yake, acha kuta nyingine zibomoke kama zilivyobomoka, kisha endesha hesabu hadi maji yatulie. Kina cha mwisho katikati ya mji kitapungua, lakini kidogo tu. Rudisha pengo hilo, uzime mawili ya mfereji wa London Avenue. Kina kitapungua kidogo tena. Mchambuzi mwenye haraka anaweza kufunga kompyuta na kuandika kwamba hakuna pengo hata moja lililokuwa na uzito wa maana, kwa kuwa kila ukiliondoa moja mji unazama vilevile.

Zima yote matatu kwa pamoja ndipo picha inageuka. Kinachobaki ni mvua, maji yaliyopita juu ya kuta, na yaliyoingia kutoka mfereji wa Industrial Canal upande wa mashariki. Ni mafuriko, lakini ya namna nyingine kabisa.

Hapo ndipo ugumu wa kuigiza mapengo mengi kwenye programu ulipo, na New Orleans ni kisa kizuri cha kujifunzia kwa sababu kilichunguzwa kuliko karibu mafuriko mengine yote. Kimbunga Katrina kilitua Buras, kusini mwa Louisiana, asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2005. Jopo la IPET, lililoundwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani chini ya uongozi wa Lewis Link wa Chuo Kikuu cha Maryland, lilihesabu mapengo makubwa 50 kwenye matuta na kuta za mji na viunga vyake. Katika manne kati ya hayo ukuta uliachia kabla maji hayajafika juu yake: moja 17th Street, mawili London Avenue, moja Industrial Canal. Mengine yalianza na maji kumwagika juu na kuchimba udongo wa nyuma. Asilimia 80 hivi ya mji ilifunikwa na maji. Kwa hesabu za jopo hilo, karibu theluthi mbili ya maji hayo yalipitia kwenye mapengo. Yaliyobaki yalikuwa mvua na maji yaliyopita juu ya matuta yaliyokuwa bado yamesimama.

Mabakuli matatu

Mji huu si bonde moja. Ni mabakuli matatu yaliyozungushiwa matuta: sehemu kuu ya mji, New Orleans East, na Lower Ninth Ward pamoja na St. Bernard. Sehemu kuu inapakana na Ziwa Pontchartrain upande wa kaskazini, na mifereji mitatu (17th Street, Orleans Avenue na London Avenue) inaingia ndani yake kutoka ziwani. Kazi ya mifereji hiyo ni kupeleka ziwani maji ya mvua yanayosukumwa na pampu. Mwaka 2005 midomo yake ilikuwa wazi, kwa hiyo ziwa lilipoinuka, liliinuka pia katikati ya makazi ya watu, likizuiwa na kuta nyembamba za zege zilizosimama juu ya mabamba ya chuma yaliyogongwa kwenye udongo laini.

Sasa angalia chanzo cha maji. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,600 na limeungana na bahari. Ukichota humo maji ya kujaza bakuli lile, uso wake hautikisiki sana. Sakafu ya mapengo ya mifereji ilikuwa chini ya usawa wa ziwa, kwa hiyo hata kimbunga kilipokwisha pita na jua kutoka, maji yaliendelea kuingia. Yaliingia mpaka tarehe 1 Septemba, siku ambayo maji ya mjini na ya ziwani yalikuwa usawa mmoja. Kina cha mwisho kilipangwa na ziwa. Idadi na upana wa mapengo ulipanga zaidi muda wa kufika hapo.

Mtu aliyezoea mito anaweza kupotea hapa. Mto Nzoia ukivunja tuta upande wa juu kule Budalangi, magharibi mwa Kenya, walioko chini hupata nafuu kidogo, kwani mto una kiasi chake cha maji kwa kila sekunde na pengo la kwanza limekula sehemu yake. Mapengo ya mto hugombania maji. Ya New Orleans hayakugombania chochote upande wa ziwani. Yalizuiana kutoka ndani. Kila pengo lilipandisha maji mjini, na maji hayo yakapunguza tofauti ya urefu iliyokuwa ikiyasukuma yanayopita kwenye mapengo mengine. Ndiyo maana ukiziba moja, mengine yanaongeza kasi na kufidia.

Hayafidii kwa asilimia mia, kwani ziwa nalo lilikuwa likishuka taratibu. Mji unaochelewa kujaa unakutana na ziwa lililokwisha pungua. Hiyo ndiyo sababu ya lile neno "kidogo" la mwanzoni.

Kuvunja ukuta ndani ya programu

IPET walitumia HEC-RAS, programu ya bure inayotengenezwa na kituo cha hidrolojia cha Kikosi cha Wahandisi huko Davis, California. Watafiti wa Uholanzi walitumia SOBEK, programu yao kutoka Delft. Mwaka 2006 HEC-RAS haikuwa na uwezo wa kuhesabu maji yanayotambaa pande zote juu ya ardhi. Uwezo huo ulikuja na toleo la 5.0 mwaka 2016. Mji uligawanywa katika vyumba vya kuhifadhia maji, kila kimoja na jedwali linalosema urefu fulani wa maji ni sawa na ujazo fulani, na vyumba vikaunganishwa kwa vizingiti, yaani kingo ambazo maji humwagika juu yake. Kwa swali la kina cha mwisho, njia hiyo inatosha, na inaendeshwa haraka. Kwa swali la kilichompata mtu aliyekuwa mita 100 kutoka ukutani haifai kabisa: ndani ya chumba uso wa maji ni bapa papo hapo, na kasi haipo.

Ukijenga modeli hiyo leo, jambo la kwanza linalowakwaza wengi ni dogo la kiufundi. Katika HEC-RAS, taarifa za pengo huwekwa kwa kila muundo, na muundo mmoja unapewa pengo moja. Ukichora ukuta wote wa London Avenue kama mstari mmoja, utapata pengo moja. Lazima uukate vipande, kila sehemu inayoweza kubomoka ijitegemee: mstari wake, kilele chake, pengo lake. Kukata huko si kazi ya mkono tu, maana kila unapokata umeshaamua kwamba hapa panaweza kuvunjika na pale hapawezi.

Kisha kila pengo linadai majibu. Upana wa mwisho ni upi? Sakafu yake iko urefu gani? Linafunguka kwa muda gani? Na kubwa kuliko yote, linaanza lini?

Upana na sakafu vinapimika baada ya tukio. Pengo la 17th Street lilikuwa na urefu wa mita 137 hivi. Fomula ya kizingiti inazidisha kigezo, upana, na kina cha maji juu ya sakafu kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Kwa kigezo cha 1.44, upana wa mita 137 na kina cha mita 2, unapata karibu mita za ujazo 560 kwa sekunde. Hiyo ni kwa dakika za mwanzo, nyuma ya ukuta kukiwa kukavu. Maji ya mitaani yakishapanda na kukaribia yale ya mferejini, mtiririko unaanza kukabwa, na modeli isiyojua kukabwa huko itaujaza mji mapema kuliko ilivyokuwa.

Muda wa kufunguka ndipo watu wengi wanapokosea. Ndani ya programu kuna kikokotoo kinachokupa upana na muda kwa kutumia fomula za Froehlich, za Von Thun na Gillette, na nyinginezo. Fomula hizo zilitokana na mabwawa yaliyobomoka: tuta refu la udongo, na nyuma yake hifadhi ya maji inayokwisha. Ukuta wa zege unaosukumwa pamoja na udongo wake hauna uhusiano na hali hiyo. Pale 17th Street maji yaliingia kwenye mwanya uliofunguka kati ya ukuta na udongo wa upande wa mfereji, tuta likawa kama limepasuliwa kati, na nusu ya nyuma ikateleza juu ya tabaka la udongo laini wa mfinyanzi. London Avenue maji yalipita chini, kwenye mchanga. Ukuta wa namna hiyo ukishaachia, vipande vyake vinaondoka kwa muda mfupi. Kuupa saa nzima za kufunguka taratibu kwa sababu kikokotoo kimesema ni kuigiza bwawa, si New Orleans.

Kilichoanzisha

Sehemu hii naiona kuwa roho ya kisa chote.

Programu inakupa njia mbili kuu za kuanzisha pengo: saa uliyoipanga mwenyewe, au urefu wa maji ukifika kiwango fulani. Ya pili inapendeza kwa sababu modeli inaonekana kujiamulia. Wengi huweka kiwango hicho sawa na kilele cha ukuta, kwa hoja kwamba ukuta huvunjika maji yakipita juu yake. Fanya hivyo kwa 17th Street, na ukuta wako hautavunjika kamwe. Ulipoachia asubuhi ile, maji yalikuwa bado zaidi ya mita 1 chini ya kilele chake. Mtaa wa Lakeview, ambako maji yalifunika nyumba hadi kwenye mapaa, katika modeli hiyo unalowa mvua tu.

Kwa hiyo kuna kazi mbili ambazo zisichanganywe. Ukirudia tukio lililopita, panga saa, na utafute ushahidi wa saa hizo. Ukikadiria hatari ya kesho, kiwango kimoja hakitoshi. Kila kipande cha ukuta kinahitaji mchoro wa uwezekano wa kuvunjika kwa kila urefu wa maji, na mchoro huo anauleta mhandisi wa udongo. Mtu wa maji hawezi kuubuni mezani.

Kwa kazi ya kwanza, IPET walipata ushahidi wa ajabu kwa urahisi wake: saa za ukutani. Maji yalipofika kwenye saa ya umeme au ya betri ndani ya nyumba, ilisimama. Wachunguzi walipima urefu wa saa ilipotundikwa, wakasoma mishale, wakapata nukta moja ya muda na kina. Wakaongeza simulizi za walioshuhudia na picha za video, nukta zikawa mstari. Kwa njia hizo walikadiria kwamba ukuta wa 17th Street ulianza kusogea saa 12 na nusu asubuhi hivi na kuachia kabisa karibu saa 3. Kule Industrial Canal, upande wa Lower Ninth Ward, pengo la kaskazini lilianza alfajiri, na lile kubwa la kusini likafuata yapata saa 2 kasorobo.

Juu ya yote hayo kuna mtego wa urefu wenyewe. Ardhi ya Louisiana inadidimia, na alama zilizotumika kupimia urefu zilikuwa zimedidimia nazo. Baadhi ya kuta za Industrial Canal zilikuwa karibu sentimita 60 chini ya urefu ulioandikwa kwenye michoro. Modeli inayochukua kilele cha ukuta kutoka kwenye mchoro wa zamani na urefu wa ardhi kutoka kwenye vipimo vipya vya leza vya ndege imechanganya sifuri mbili tofauti. Pale ambapo kizingiti kinamwaga maji kwa saa kadhaa, sentimita 60 ni mtaa mzima.

Kuna na mwanya ambao haukuvunjika. Mwisho wa kusini wa mfereji wa Orleans Avenue, karibu na kituo cha pampu, kipande kifupi cha ukuta kilikuwa kimeachwa chini kuliko kuta za pembeni. Mfereji huo haukubomoka popote. Maji yalipita pale kimyakimya. Anayeorodhesha mapengo tu atausahau.

Lower Ninth Ward

Hapa mantiki yote inageuka. Pengo la kusini la Industrial Canal lilikuwa na urefu wa mita 260 hivi, kubwa kiasi kwamba tishari la ING 4727 lilipita na kutua juu ya makazi. Nyumba zilizokuwa karibu ziling'olewa kwenye misingi. Swali la maana hapa ni nguvu ya maji dakika ukuta ulipoachia; kina cha maji siku mbili baadaye kinakuja nyuma.

Waholanzi waliochambua vifo walitumia kipimo rahisi: kina zidisha kasi. Pale ambapo zao hilo lilizidi mita za mraba 5 kwa sekunde, walipachukulia kuwa eneo la pengo, ambako majengo hayasimami. Walichunguza vifo 771 vilivyojulikana vilikotokea. Kwa eneo lote lililofurika, kiwango cha vifo kilikuwa karibu asilimia 1 ya waliokuwemo, lakini karibu na mapengo na penye kina kirefu kilikuwa juu zaidi. Wengi wa waliokufa walikuwa wazee.

Kupata zao hilo kwa usahihi kunadai modeli ya aina nyingine. Hesabu iliyorahisishwa ya wimbi la mtawanyiko, inayotosha kwa maji yanayojaa taratibu, inaacha nje nguvu ya mwendo. Hapa ni lazima zitumike milinganyo kamili. Seli za gridi, yaani vipande vidogo vya ardhi ambamo programu inakokotoa maji, ziwe ndogo karibu na pengo. Ukiweka seli za mita 60 mbele ya pengo la mita 137 kama lile la 17th Street, una seli mbili au tatu za kubeba simulizi yote. Na ukipunguza seli unapunguza hatua ya muda pia: seli ya mita 10 na maji yanayokwenda mita 3 kwa sekunde vinataka hatua ya sekunde 3 au chini. Tumia gridi ndogo pale palipo na wimbi, kubwa kwingine, ama utasubiri majibu hadi kesho kutwa.

Hapa upana na kasi ya kufunguka vinabadilisha jibu kweli, tofauti na sehemu kuu ya mji. Vigezo vilevile, programu ileile, kimbunga kilekile, lakini kinachostahili usahihi si kimoja. Sioni sababu ya kutumia wiki nzima kurekebisha upana wa pengo la London Avenue ikiwa unachotaka ni kina cha mwisho.

St. Bernard ina sura yake. Matuta yaliyo kando ya mfereji wa meli wa MRGO yalijengwa kwa udongo uliochimbwa mferejini, na sehemu ndefu ziliyeyuka mbele ya mawimbi. Lakini maji yalikuta kwanza kinamasi kipana, na nyuma yake tuta la pili, fupi zaidi, la 40 Arpent. Mapengo hapa yamefuatana, la pili likisubiri la kwanza lijaze kinamasi. Ukiacha kinamasi nje ya modeli, maji yatafika kwenye nyumba mapema mno. New Orleans East ilifurika kwa mchanganyiko wa njia hizo, na haina jipya la kutufundisha kwenye upande wa hesabu.

Nani alaumiwe

Kugawa lawama kati ya mapengo hakukuwa zoezi la darasani. Mwaka 2009 Jaji Stanwood Duval aliamua kwamba serikali iliwajibika kwa uzembe wa kuutunza MRGO, uamuzi uliotenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2012. Katika kesi za aina hiyo, modeli inaulizwa: bila kasoro hii, nyumba hii ingepata maji kiasi gani?

Kuzima pengo moja moja hakutoi jibu la haki pale penye kufidiana. Jumla ya michango ya kila pengo haifiki mchango wa yote kwa pamoja. Kuanza na mji usio na pengo na kuwasha moja moja kunakupeleka upande wa pili: kila moja linaonekana lina hatia ya karibu mafuriko yote, kwa kuwa lingeweza kuujaza mji peke yake, polepole. Namna ya kweli ni kuendesha mapengo kwa makundi na kwa mfuatano tofauti, kisha kutoa matokeo yote, pamoja na saa ya kuwasili kwa maji. Mkazi wa Lakeview aliyechelewa kufikiwa kwa saa sita ana nafasi ya kutoka, hata kama nyumba yake ingezama.

Makundi yote hayawezekani. Mapengo 50, kila moja liwepo au lisiwepo, ni zaidi ya michanganyiko trilioni 1,000, bado hujagusa mfuatano. Katika kukadiria hatari, IPET waliendesha vimbunga 152 vya kubuni na kuziachia kuta zivunjike kwa uwezekano wake. Kwa mwenye kompyuta moja, njia ni kupanga kwa chanzo: mapengo ya ziwani kundi moja, ya Industrial Canal jingine, ya MRGO la tatu. Yanayokunywa chanzo kimoja na kumwaga bakuli moja hayatenganishwi.

Mpangilio huo umebadilika tangu wakati ule. MRGO ulizibwa kwa mawe mwaka 2009, kizuizi kikubwa kikajengwa upande wa Ziwa Borgne, na midomo ya mifereji mitatu ina malango na vituo vya kudumu vya pampu vilivyokamilika mwaka 2018. Lango likifungwa, pengo la 17th Street linanyimwa ziwa na kubaki na maji ya mferejini tu, pamoja na yale yanayomiminwa humo na pampu za mjini. Kwa hiyo modeli ya leo lazima ibebe vitu ambavyo ile ya 2005 ingeweza kuvipuuza: pampu za ndani zinazojaza mfereji, pampu za mdomoni zinazoutoa, na kiwango salama cha maji ambacho mfereji hauruhusiwi kukipita. Pampu za mdomoni zikikwama kwa nusu saa huku mvua ikiendelea, kinachopandisha maji ukutani ni mji wenyewe.